Makande: Pika Mara Moja, Kula Mara Tatu

Watu wengi waliosoma bweni wana kesi na makande. Wanakumbuka punje ngumu, mchuzi wa maji na kidudu kinachoelea juu ya bakuli, na walipoanza kujitegemea waliapa kwamba chakula hicho hakitakanyaga jikoni kwao. Wamemshtaki asiye na hatia. Mahindi yaliyokaa stoo hadi yakabunguliwa, maharage yaliyotupwa sufuriani bila kulowekwa, kuni zilizokwisha kabla chakula hakijaiva: hayo ndiyo yaliyowatesa. Makande yakipikwa kwa utaratibu, yakaungwa kwa tui la nazi na kuliwa na kachumbari, watoto wenyewe huomba kuongezwa.

Mwongozo huu ni kwa familia ya watu sita hivi, yenye jiko la mkaa au la gesi, sufuria moja kubwa na pesa ya kuhesabu. Ukiwa Kenya, makande unayajua kama githeri, au muthokoi kama mahindi yamekobolewa. Utaratibu ni uleule.

Pesa inavuja wapi

Sokoni makande hayana ugomvi na mfuko. Kilo ya mahindi na kilo ya maharage kwa pamoja huwa na bei ndogo kuliko kilo moja ya nyama, tena hulisha watu wengi zaidi. Hasara huja jikoni. Mahindi makavu na maharage makavu yasiyolowekwa yanaweza kukaa motoni saa nne, na kwa muda huo gesi au mkaa unaoteketea unaweza kugharimu kuliko chakula chenyewe. Ndiyo maana anayeishi mjini hukwambia makande ni ghali, na anayeokota kuni shambani hakuelewi unalalamikia nini.

Kwa hiyo ukitaka makande ya bei nafuu, okoa moto. Unauokoa kwa njia tatu: kuloweka, kupika mengi kwa mkupuo mmoja, na kuzuia joto lisipotee. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hayo matatu. Ladha huja mwishoni, wakati wa kuunga.

Lipo pia jambo la afya. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, na maharage yanayo kwa wingi. Mahindi nayo yana methionini ambayo maharage yana kidogo. Vikiliwa pamoja, kimoja huziba pengo la kingine. Bibi zetu hawakuwa na majina hayo, lakini sahani waliipanga sawasawa.

Sokoni: chagua kwa macho, kwa mkono na kwa pua

Kwa sufuria ya milo mitatu nunua:

- mahindi meupe yaliyokobolewa, kilo 1
- maharage, robo tatu ya kilo

Chukua mahindi yaliyokobolewa hata kama bei yake imezidi kidogo. Ganda la nje ndilo linalofanya punje ikatae kuiva, na tofauti ya bei utairudisha kwenye gesi. Ukiwa na kinu nyumbani, koboa mwenyewe: nyunyizia mahindi maji kidogo, yaache dakika 10, yatwange taratibu bila kuyavunja, yaanike yakauke, kisha yapepete kwa ungo pumba zitoke. Pumba wape kuku.

Maharage yana majina mengi: kablanketi, soya njano, Jesca na Lyamungu kwa Tanzania, rosekoko, nyayo, wairimu na mwitemania kwa Kenya. Kwa makande napendelea kablanketi au rosekoko, kwa sababu huiva upesi na hutoa mchuzi mzito. Wapo wanaotumia kunde, na hawakosei. Kunde ni zao la asili la Afrika, wakati mahindi na maharage yote yalivuka bahari kutoka Amerika. Kunde huiva mapema zaidi, hivyo zikiingia sufuriani punguza muda.

Kabla hujalipa, angalia haya:

☐ Maharage yang'ae. Yaliyofifia na kukunjamana ni ya zamani. Maharage yaliyohifadhiwa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa magumu kiasi kwamba hata moto wa saa tatu hauyalainishi vizuri.
☐ Yawe ya rangi na ukubwa mmoja. Mchanganyiko wa mapya na ya zamani hukupa sufuria yenye maharage yaliyorojeka na mengine yanayogonga meno.
☐ Chota mahindi mkononi unuse. Harufu ya uvundo, hata ikiwa hafifu, ni sababu tosha ya kuondoka.
☐ Tazama mkono wako baada ya kuchota. Vumbi jeupe linaweza kuwa unga wa dumuzi au dawa ya kuhifadhia nafaka. Muulize muuzaji bila aibu.
☐ Nafaka yenye rangi isiyo yake, kama waridi, nyekundu iliyopakwa au kijani, ni mbegu ya kupanda iliyotiwa dawa. Hailiwi kabisa, hata ikioshwa mara kumi.

┌─────────────
TAHADHARI: SUMUKUVU

Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zenye unyevu unaweza kutengeneza sumukuvu, sumu inayoharibu ini. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 vifo vilitokea Tanzania pia, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kuchemsha hakuondoi sumukuvu. Kuloweka na kuosha hakutoshi. Kukoboa na kuchambua hupunguza, hakumalizi. Punje zenye ukungu wa kijani, manjano au kijivu, zilizosinyaa au kubadilika rangi, zitoe. Zikiwa nyingi, tupa mahindi yote, na usiwape kuku wala ng'ombe, kwa sababu sumu hiyo huwadhuru na huweza kukurudia kwenye maziwa.
─────────────┘

Ukiwa na uwezo wa kununua gunia wakati wa mavuno, nunua. Katika sehemu nyingi za Tanzania bei ya mahindi hushuka kati ya Juni na Agosti. Yakaushe vizuri, uyatie kwenye ile mifuko ya tabaka nyingi isiyopitisha hewa, ukaze kila tabaka kwa kamba. Dumuzi walioingia nayo hukosa hewa wakafa, na hutahitaji dawa yoyote.

Msimu wa mahindi mabichi ukifika, sahau nusu ya mwongozo huu. Mahindi mabichi yaliyopukuchuliwa na maharage mabichi hayahitaji kulowekwa, na huiva kwa saa moja au pungufu.

Usiku: kuloweka

Hatua hii haigharimu hata shilingi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Punje iliyokunywa maji usiku kucha huingia jikoni ikiwa imeshaanza kulainika, na muda wa kuchemsha hupungua sana. Sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi nazo hutoka na maji unayomwaga. Kama kuna mzee nyumbani anayekwepa maharage kwa sababu ya tumbo, hapa ndipo pa kumsaidia.

1. Mwaga maharage kwenye sinia, uyachambue penye mwanga. Toa mawe, mabonge ya udongo na yaliyooza. Fanya hivyo hivyo kwa mahindi.
2. Osha kila kimoja mara mbili au tatu, hadi maji yawe safi.
3. Loweka katika vyombo viwili tofauti, kwa sababu havitaingia jikoni kwa wakati mmoja. Maji yawe mara tatu ya ujazo wa nafaka.
4. Kwenye maji ya maharage tia chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita mbili. Chumvi hiyo hulegeza ganda. Usiogope, utaimwaga.
5. Acha saa 8 hadi 12. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakati wa joto, usizidishe hapo. Maji yataanza kutoa povu na kuchacha. Ukichelewa, badilisha maji au weka kwenye friji.
6. Asubuhi mwaga maji yote, suuza.

Umesahau kuloweka? Chemsha maharage dakika tatu, epua, funika, yaache saa moja, mwaga maji. Si sawa na usiku mzima, lakini yatakutoa. Mahindi hayana njia ya mkato kama hiyo.

Na magadi je? Yanafanya kazi, hilo halina ubishi. Hulainisha maharage haraka. Lakini huharibu vitamini B1, na yakizidi kidogo tu makande yote hunuka sabuni. Mimi hayaingii kwenye sufuria yangu, labda maharage yawe ya zamani mno na sina mengine.

Jikoni: makande ya chukuchuku

Hapa tunapika msingi: mahindi na maharage yaliyoiva bila mafuta, nyanya wala nazi. Msingi huu ndio utakaougawa mara tatu. Tumia sufuria ya lita 8 hadi 10.

1. Bandika mahindi peke yake, maji yapite juu kwa vidole vinne. Yakishachemka, funika, punguza moto, acha yatokote kwa saa moja.

2. Juu ya sufuria, badala ya mfuniko, kalisha sufuria nyingine yenye maji na ifunike. Mvuke utayapasha, nawe utakuwa na maji ya moto ya kuongezea bila kuwasha jiko la pili. Ukimwagia sufuria maji baridi unaipoza, na kila mara utalipia moto wa kuirudisha ilipokuwa.

3. Tia maharage, koroga, ongeza maji ya moto yapite juu kwa vidole viwili. Chemsha kwa nguvu dakika 30 za mwanzo. Hili ni la usalama: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na huvunjwa na mchemko wa kweli. Uvuguvugu wa muda mrefu hauivunji.

4. Baada ya hapo shusha moto. Maji yanayotokota taratibu na yale yanayoruka yana joto lilelile. Tofauti ni gesi unayoichoma na mchuzi unaopotea hewani. Kwenye mkaa, funika makaa kwa majivu. Kwenye gesi, zungusha hadi uone vipovu vichache tu vikipanda katikati.

5. Anza kupima baada ya dakika 45 tangu maharage yaingie. Chota matatu au manne kwa kijiko, uyapulize. Ganda likichanika na kujikunja kwa pumzi yako, yanakaribia. Kisha chukua moja ulibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada: lisagike lote hadi ndani, bila kokwa ngumu katikati. Punje ya hindi itafunwe. Iwe laini lakini bado na umbo lake. Usipime harage moja ukatangaza ushindi.

6. Yakiiva yote, tia chumvi, acha dakika 10 nyingine, epua.

Jumla ni saa mbili hadi mbili na nusu. Ukiwa Mbeya au Nairobi ongeza muda. Kwenye miinuko hiyo maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 au 95, hayafiki 100, kwa hiyo wa pwani akikwambia makande yake huiva upesi kuliko yako, hakudanganyi.

┌─────────────
NJIA ZA KUPUNGUZA MOTO ZAIDI

*Kikapu cha joto.* Chukua kikapu kipana au boksi imara, kitandike blanketi kuukuu au mito chini na pembeni, sufuria ienee bila nafasi. Chemsha mahindi dakika 30, tia maharage, chemsha kwa nguvu dakika 30 nyingine. Funika, hamishia kikapuni sufuria ikiwa bado inachemka, gubika kwa mto mzito. Usifungue kwa saa tatu au nne. Ukitoa, chemsha tena dakika 10. Sufuria iwe imejaa angalau robo tatu. Yenye chakula kidogo hupoa haraka.

*Presha.* Mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa, dakika 35 hadi 45 tangu presha ipande. Shusha presha, tia maharage, dakika 20 hadi 25. Usijaze kupita nusu ya sufuria. Povu la maharage huziba tundu la mvuke. Kamwe usilazimishe mfuniko kufunguka.

*Onyo la mkaa.* Makande hukaa motoni muda mrefu, na kuna watu huyaacha kwenye jiko la mkaa ndani ya chumba wakalala. Moshi usioonekana wa mkaa huua bila kukuamsha. Jiko libaki nje au mahali penye madirisha wazi, na likiisha kazi lizimwe kabla ya kulala.
─────────────┘

Sasa igawe sufuria. Nusu ni ya kuunga leo kwa nazi. Iliyobaki, iache chukuchuku, imwage kwenye sinia au vyombo vipana ipoe upesi, na ndani ya saa mbili iwe kwenye friji. Hapo itakaa siku tatu bila shida. Kwenye friza, katika mafungu ya mlo mmoja mmoja, hukaa hata miezi miwili.

Huna friji? Pika nusu ya vipimo. Anza asubuhi, unga mchana kwa nazi sehemu mtakayoimaliza hapo hapo, na sehemu ya usiku ibaki chukuchuku ndani ya kikapu cha joto. Jioni ichemshe vizuri ndipo uiunge.

Mlo wa kwanza: makande ya nazi

Mahitaji: nazi kubwa 1, vitunguu maji 2, punje 3 za kitunguu saumu, nyanya 3 zilizoiva, karoti 1, pilipili hoho 1, mafuta vijiko 2, chumvi.

1. Kuna nazi. Tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, vuruga kwa mkono, kamua kwa kifumbu au chujio. Hili ni tui zito, liweke pembeni. Rudia kwa vikombe viwili vya maji upate tui jepesi.

2. Kaanga vitunguu hadi vianze kuwa rangi ya dhahabu. Usiwe na haraka hapa. Kitunguu kilichochemka badala ya kukaangika ndicho kinachofanya makande mengi yawe na ladha ya hospitali. Tia saumu, kisha nyanya, na usikoroge kingine chochote mpaka nyanya zisagike na mafuta yajitenge pembeni.

3. Tia karoti na hoho, dakika mbili.

4. Tia nusu ya makande pamoja na supu yake, na tui jepesi. Acha dakika 15, moto wa wastani.

5. Kwa mwiko, ponda upawa mmoja wa maharage kwenye ukuta wa sufuria, urudishe ndani. Mchuzi utashikana wenyewe. Hakuna haja ya unga wala vile vimchemraba vya kununua ambavyo sehemu kubwa ni chumvi.

6. Punguza moto kabisa, mimina tui zito, koroga upande mmoja bila kuacha. Angalia pembeni mwa sufuria. Tui likiwa sawa linang'aa na kupanda kwa vipovu vidogo vizito. Ukiona madoa ya mafuta yanaanza kuogelea juu na chini yake maji yanakuwa meupe kama ya kuosha mchele, linakatika, epua mara moja. Dakika tano hadi saba zinatosha.

7. Acha dakika 10 kabla ya kupakua. Yatakaza.

Pakua na kachumbari ya nyanya na kitunguu iliyokamuliwa ndimu, au kipande cha embe au chungwa baadaye. Vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo isubiri saa moja hivi, hasa kwa mjamzito na watoto. Parachichi pembeni, kwa wa Kilimanjaro na Mbeya ambao wanayaokota chini ya mti, sihitaji kuwafundisha.

Mtoto mdogo mpondee yake. Punje nzima ya hindi humkaba.

Mlo wa pili: asubuhi

Huu ni wa dakika 10. Kaanga kitunguu kimoja na pilipili hoho kwenye kikaango kipana, tia makande ya chukuchuku yaliyochujwa supu, yaache bila kukoroga hadi upande wa chini ushike rangi, geuza. Chumvi, ndimu. Watoto wakienda shule wamekula haya, saa nne hawatatafuta mandazi.

Mlo wa tatu: kuongeza wingi

Sehemu iliyobaki haitoshi watu sita peke yake, na haikusudiwi kutosha. Iongeze. Chagua njia moja:

- *Viazi na kabichi.* Kaanga kitunguu na nyanya, tia viazi vinne vilivyokatwa vipande vikubwa, vikombe viwili vya supu ya maharage, funika. Viazi vikikaribia kuiva tia makande na kabichi iliyokatwa. Malizia kwa majani ya giligilani. Huu ni mtindo wa Kenya, na kwa jioni ya baridi hauna mpinzani.
- *Karanga na mchicha.* Kwa walio mbali na nazi. Koroga kikombe kimoja cha karanga za kusaga katika maji ya moto, mimina kwenye makande yaliyoungwa kitunguu na nyanya, moto mdogo dakika 10 huku ukikoroga, kwani karanga huganda chini upesi. Mchicha au matembele mwishoni. Karanga nazo hushika sumukuvu, kwa hiyo nunua nzima, uchague, usage mwenyewe.
- *Mifupa au dagaa.* Mifupa ya supu ichemshwe pembeni mapema, supu yake itumike badala ya maji. Dagaa wakavu waoshwe kwa maji ya moto, wakaangwe hadi wakauke, waingie dakika tano za mwisho.

Mambo yanayoharibu makande

*Nyanya mapema.* Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Uchachu wa nyanya, ndimu au ukwaju hukaza ganda la maharage. Ukitia nyanya maharage yakiwa nusu mbichi, utachoma gesi hadi usiku nayo yatabaki vilevile. Vitu vichachu ni baada ya kuiva.

*Kutia mahindi na maharage pamoja tangu mwanzo.* Mahindi yakiiva, maharage yatakuwa uji. Isipokuwa maharage ya zamani yaliyogoma. Hayo yabandike pamoja na mahindi.

*Kutia nazi sufuria nzima.* Makande yenye tui huchacha kwa usiku mmoja wa joto. Unga unachokula leo.

*Kufunua kila dakika tano.* Kila ukifunua, mvuke uliolipia unatoka.

*Kupasha kiporo juu juu.* Kichemke hadi katikati, na kipashwe mara moja tu. Kikibaki tena, kitupe.

Ratiba ya wiki ya kwanza

Ijumaa usiku: chambua, osha, loweka. Dakika 20.
Jumamosi asubuhi: bandika. Endelea na kufua.
Jumamosi usiku: makande ya nazi. Yaliyobaki tayari yako kwenye friji.
Jumapili asubuhi: ya kukaanga.
Jumatatu usiku: ya viazi na kabichi, au karanga.

Andika pembeni mambo mawili: bei ya vitu vyote na mtungi wa gesi ulivyopungua au mkaa uliotumika. Gawanya kwa idadi ya sahani zilizoliwa. Mara ya pili jaribu kikapu cha joto na ulinganishe. Hesabu ya jikoni kwako ndiyo itakayokuambia kama unahitaji kununua presha au blanketi kuukuu linatosha. Kwa familia nyingi ninazozijua, blanketi linatosha.

Kama maharage yako ndani, yachambue sasa hivi, yatie majini, ndipo ukalale.